Makato ya Nyumba Kwenye Mshahara Si Malipo ya Nyumba Yako

Siku hizi wafanyakazi wa hoteli, walimu na askari wa kampuni za ulinzi wanafika ofisini kwetu hapa Malindi na karatasi za mshahara mkononi. Swali lao ni moja: "Nakatwa pesa za nyumba kila mwezi, nyumba yangu iko wapi?" Malalamiko yamekuwa mengi, ndiyo maana tumeona heri tujibu kwa maandishi.

Asilimia 1.5 inayokatwa chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Kenya ya 2024 ni tozo. Haiwekwi kwa jina lako, wala haihesabiwi kwenye malipo ya awali. Jambo hili limeelezwa barazani, redioni na misikitini, na bado watu wanakuja kudai funguo. Anayetaka nyumba hujisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa nyumba hizo, kwa kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na nambari ya simu, kisha huweka akiba yake ya hiari humo. Akiba hiyo ndiyo inayohesabiwa. Kujisajili ni bure. Dalali anayekudai pesa ili "akusukume mbele" hana nyumba ya kukugawia.

Kwa waajiri: mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, nawe unaongeza kiasi hicho hicho kutoka mfukoni mwako, si mwake. Mwenye mgahawa aliye na wafanyakazi 10, kila mmoja wa shilingi 30,000, anawasilisha shilingi 9,000 kwa mwezi: 4,500 zao na 4,500 zake. Pesa zifike KRA kabla ya siku ya tisa ya kazi ya mwezi unaofuata kupita. Ukichelewa, unatozwa asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi. Kwa mgahawa huo ni shilingi 270, na inaendelea hadi ulipe. Aliyejiajiri naye anatozwa asilimia 1.5 ya mapato yake ghafi.

Sheria inawapanga wanunuzi kwa kipato. Walio chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi wako kwenye nyumba za kijamii. Wa 20,000 hadi 149,000, nyumba za bei nafuu. Ukishapata nyumba, huruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Mwenye nia ya kununua kisha kumuuzia mwekezaji mwezi ujao ajue hilo mapema.

Njia nyingine ni mkopo wa benki au Sacco unaotokana na KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company), kampuni iliyoanza kazi 2020. Kampuni hiyo haimkopeshi mwananchi. Inazikopesha taasisi za fedha kwa riba nafuu na kwa muda mrefu, nazo zikukopeshe wewe. Kwa hivyo usisafiri hadi Nairobi kuitafuta. Nenda benki yako, uliza kama ni mshirika. Kwa asiyetaka riba, benki za Kiislamu zina murabaha (benki inanunua na kukuuzia kwa faida iliyotajwa) na musharaka (mnamiliki kwa ubia). Aulize huko, na asome mkataba wote kabla ya kutia sahihi.

Hapa ndipo watu wetu wengi wanapokwama: mkopo unataka hatimiliki. Pwani tuna nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi kama alivyomlipa babu yako. Benki haiwezi kushika rehani ya kuta. Barua ya chifu na makubaliano ya mauziano yaliyoshuhudiwa na wazee si hati, hata yakiwa na mihuri mitatu. Hati ikiwa ingali na jina la marehemu, warithi wamalize mirathi kwanza, kwa Kadhi au mahakama nyingine yenye mamlaka, kisha warudi benki. Tumeona familia zenye kipato cha kutosha zikinyimwa mkopo kwa sababu ndugu wawili hawasemezani, na inatuuma.

Nyumba za Boma Yangu hazina kikwazo hicho: mnunuzi haulizwi ardhi aliyonayo. Tena anayenunua kwa mara ya kwanza chini ya mpango huo amesamehewa ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Naye mwenye mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe anaruhusiwa kuondoa riba, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, kwenye mapato yanayotozwa kodi. Cheti cha riba kinatolewa na benki, nawe ndiye wa kukiomba.