Wanafunzi wa ughaibuni wakati wa korona: yanayosemwa na yaliyokuwepo

Mji wa Wuhan, China, ulipofungwa kwa sababu ya korona tarehe 23 Januari 2020, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa mjini humo walihesabika kwa mamia, na Wakenya walikuwemo pia. Mji haukufunguliwa hadi tarehe 8 Aprili. Miaka imepita, lakini maneno yanayosemwa majumbani kuhusu afya ya akili ya vijana wale, wa China na wa kwingineko, mengi bado ni ya kudhania. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara kwa mara.

"Hakuugua korona, kwa hiyo hakupatwa na kitu."

Virusi vilikuwa sehemu moja tu ya mzigo. Morocco na Algeria zilipeleka ndege mapema kuwachukua watu wao, Afrika Kusini ikafuata mwezi Machi. Serikali za kwetu ziliamua vijana wakae hukohuko. Kiafya uamuzi ule ulikuwa na hoja zake. Ila hoja hizo hazimsaidii kulala kijana anayeona wenzake wa hosteli wakifungasha mabegi huku yeye akibaki. Aprili ile, huko Guangzhou, Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizopanga na kwenye mahoteli, wengine wakawekwa karantini kwa lazima ilhali hawakuwa wamesafiri popote, mpaka mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya malalamiko. Unaweza kupimwa ukaonekana huna virusi, na bado moyo ukaenda mbio kila mlango unapogongwa.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi uliopitiliza na sonona (ugonjwa wa huzuni isiyoisha) viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na walioumia zaidi ni vijana na wanawake.

"Aliyewahi kurudi nyumbani alipona."

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu aliyerudi hakuna aliyemuuliza chochote. China ilifunga mipaka yake kwa wageni tarehe 28 Machi 2020, na wanafunzi wengi walikaa zaidi ya miaka miwili bila ruhusa ya kurudi. Australia nayo ilifunga Machi 2020, ikawafungulia wanafunzi wa kigeni tarehe 15 Desemba 2021. Wakati huo wote masomo yaliendelea kwa intaneti, kwa saa za huko. Kipindi cha saa mbili asubuhi Beijing, kwa Dar es Salaam au Nairobi ni saa tisa usiku. Kijana anakesha na simu, bando linakata katikati ya somo, anapitiwa na usingizi alfajiri, na saa nne asubuhi anaamshwa akachote maji maana "wewe si uko nyumbani tu?"

Waliokuwa wanasomea udaktari walikuwa na shida nyingine: mgonjwa hapimwi kwenye kioo cha simu, na mazoezi ya wodini yalikuwa yakisubiri mipaka ifunguliwe. Juu ya hayo kuna lile swali la majirani, "Unarudi lini?", ambalo hata ubalozi haukuwa na jibu lake. Kukosa usingizi kwa miezi, kukaa bila tarehe ya kungojea na kuitwa mvivu ni mambo yanayoweza kumfikisha mtu kwenye sonona akiwa katikati ya ndugu zake.

"Majuu serikali iliwalipa wote wakae nyumbani."

Iliwalipa wenye makaratasi yake. Scott Morrison, waziri mkuu wa Australia wakati huo, alisema Aprili 2020 kwamba wageni wa muda wasioweza kujikimu, wanafunzi wakiwemo, ni wakati wao kurudi kwao. Na ndege zenyewe zilikuwa haba. Marekani, ruzuku za dharura za wanafunzi chini ya sheria ya misaada ya korona, CARES, hazikuwahusu wa kigeni. Uingereza, viza ya mwanafunzi humzuia mtu kupokea posho za umma. Kazi za migahawa na za hoteli ndizo zilizofungwa kwanza, wakati ada ilibaki palepale na nyumbani biashara ya mama imesimama.

Kisha ikaja Julai. Tarehe 6 Julai 2020 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitangaza kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote yako mtandaoni lazima aondoke nchini au ahamie chuo kinachofundisha darasani. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vikaenda mahakamani, na tarehe 14 amri ikafutwa. Ushindi ulikuwa wa haraka, lakini mtu aliyekwisha kuanza kuuza fanicha zake hafuti hofu kwa tangazo.

"Ukienda kwa mshauri wa chuo, viza itafutwa."

Hofu hii imewanyima wengi msaada ambao tayari walishaulipia. Mazungumzo na mshauri nasaha wa chuo ni siri, isipokuwa katika hali chache, kama maisha ya mtu yakiwa hatarini. Uingereza, mwombaji wa viza hulipa mapema tozo ya afya, iliyokuwa pauni 300 kwa mwaka kwa wanafunzi, ikapanda hadi 470 Oktoba 2020. Na fedha hiyo inahusu huduma za akili kama inavyohusu mguu uliovunjika.

Kinachohatarisha viza ni kuugua kimyakimya: kuacha kuhudhuria, kufuta masomo bila kumwambia mtu. Marekani kanuni inaruhusu mwanafunzi mgonjwa kupunguza masomo, hata kwa jumla ya miezi 12, akiwa na barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni, mradi ofisi ya wanafunzi wa kigeni iidhinishe kabla hajayaacha. Ugonjwa wa akili umo. Anayejificha ndiye anayeikosa njia hiyo.

"Sonona ni mambo ya Wazungu; amwombe Mungu tu."

Amwombe Mungu, na aende kwa daktari. Hospitali za akili, Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi, hazikujengwa kwa ajili ya Wazungu, ingawa tumeyageuza majina yake kuwa matusi.

"Ukimuuliza kama anafikiria kujiua, unampa wazo."

Shirika la Afya Duniani linalikanusha hili waziwazi: kuuliza hakupandi wazo, mara nyingi kunampa mtu nafasi ya kupumua. Najua kwa nini kwetu tunalikwepa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na Kenya ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kifungu chake cha 226 kuwa kinyume cha Katiba. Mtu aliyekulia humo, hata akiwa Toronto, hawezi kulisema neno hilo kwa kaka yake kirahisi.

Kwa hiyo anayepiga simu kutoka nyumbani aache "masomo vipi?", maana jibu lake ni "poa" siku zote. Amuulize kijana jana alilala saa ngapi, amekula nini, na wiki hii amekaa na nani ana kwa ana. Majibu yakitisha, amuulize waziwazi kuhusu kujiua, asikilize bila kumkaripia, kisha abaki kwenye simu wakati kijana huyo anatafuta namba ya dharura ya mji alipo au mlango wa mshauri wa chuo.