Pointi 4 za TCU sio zile pointi za kwenye div yako, soma hapa kabla hujaomba chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu za ofisi yetu hazipumziki, na swali ni lile lile kila mwaka, mzazi anauliza "mwanangu ana div three, anapata chuo?" na mimi siwezi kumjibu ndio wala hapana mpaka anisomee herufi za masomo moja baada ya moja. Nafanya kazi ya udahili kwenye chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, na kinachoniuma sio wale waliofeli, maana hao wanajijua na wanatafuta njia nyingine mapema. Kinachoniuma ni mtoto mwenye sifa anayekosa nafasi kwa sababu kaomba kozi isiyoendana na masomo yake, na yule asiye na sifa anayelipa ada ya maombi vyuo vinne kwa hela ya mahindi ya nyumbani alafu anakaa anasubiri jina ambalo haliwezi kutoka.

Tuanze na hapo kwenye div, yani daraja la ufaulu, maana ndo panapochanganya watu wengi. Baraza la Mitihani, NECTA, likipanga madaraja linahesabu A ni 1, B ni 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, linajumlisha masomo matatu ya combi, yani mchepuo wako, kwaiyo pointi zikiwa chache ndo umefaulu zaidi, div one ni 3 mpaka 9, two ni 10 mpaka 12, three ni 13 mpaka 17. Sasa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hesabu yake imegeuka, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S ni nusu, yani huku kubwa ndo nzuri, na tena haiangalii masomo matatu, inaangalia mawili. Kigezo cha chini cha kuingia digrii ya kwanza kwa aliyetoka kidato cha sita ni prinsipali mbili (prinsipali ni kuanzia A mpaka E, S sio prinsipali) ambazo ukizijumlisha zinafika pointi 4.0, na ziwe kwenye masomo ambayo kozi yenyewe inayataka. General Studies haihesabiwi hapo, na BAM, ile hesabu ndogo ya wasiosoma Hesabu za juu, pia haihesabiwi.

Mwaka mmoja alikuja mama mmoja na kijana wake, wametoka mbali na basi la usiku, shikamoo mama, marahaba, kaa hapa. Kijana ana div three ya pointi 14, amekosa kote alikoomba, na mtoto wa jirani yao ana div three ya pointi 15, matokeo mabaya zaidi, na yeye amechaguliwa. Mama anaamini kabisa kuna mtu kapewa hela. Nikamwambia mama tuweke matokeo yote mawili hapa mezani. Kijana wake ana D, E, E, kwa NECTA ni 4 na 5 na 5, jumla 14. Wa jirani ana D, D, F, yani 4 na 4 na 7, jumla 15. Ukipeleka TCU, wa jirani ana D mbili, 2 na 2 zinakuwa 4, amefika. Kijana wake akichukua mbili bora ni D na E, 2 na 1 zinakuwa 3, hajafika, hata kama hana F hata moja. Mama alikaa kimya muda mrefu akizitazama zile karatasi. Hakuna aliyemuonea, ila pia hakuna aliyemwambia kabla hajalipa, na hilo ndo limenifanya niandike.

Kwaiyo mzazi, ukitaka kujua kama mwanao anapata chuo, sahau kwanza neno div, chukua masomo mawili, hesabu kwa A 5.

Alafu inakuja hiyo ya "masomo ambayo kozi inayataka", na hapa hata wenye pointi nyingi wanaanguka. Chukua mtoto wa CBG mwenye Kemia E, Bailojia E na Jiografia B. Ukichukua Jiografia na moja ya zile E ana pointi 5, kavuka kigezo cha jumla bila shida, lakini akiomba kozi inayotaka Kemia na Bailojia, mfumo unasoma 1 na 1, pointi 2, unamtoa. Mtoto huyo huyo akiomba kozi inayokubali Jiografia na Bailojia yuko ndani ya sifa. Uhandisi mara nyingi unataka Fizikia na Hesabu za juu, sio Fizikia na Kemia. Udaktari wa binadamu wenyewe hauishii kwenye masomo mawili, unataka prinsipali zote tatu, Fizikia, Kemia na Bailojia, kila moja isipungue D, jumla pointi 6, na hiyo ni ya chini kabisa. Kuna kozi nyingi pia zinarudi mpaka kwenye cheti cha kidato cha nne, hasa za biashara, zinaangalia Hesabu kama huna BAM wala Hesabu za juu, kwaiyo cheti cha form four usikione cha zamani.

Yote haya yameandikwa kwenye kitabu cha mwongozo ambacho TCU inatoa kila mwaka kwenye tovuti yake, bure, kozi kwa kozi na chuo kwa chuo. Soma cha mwaka huu, sio cha kaka yako, na tafuta mstari wa kozi yako kwenye chuo unachoomba, maana kozi ya jina moja vyuo viwili vinaweza kudai vitu tofauti. Na kama ulimaliza 2014 au 2015 angalia vizuri, miaka hiyo madaraja yalikuwa na B+ katikati, kwaiyo kwako C ni pointi 2 sio 3, na unatakiwa uwe na C mbili.

Naomba pia watu waelewe kwamba pointi 4 zinakuruhusu kuomba tu, kiti hazikupi. Kozi ina viti 100, wenye sifa walioiomba ni 900, chuo kitaanza kuchukua kuanzia juu na wengi wenye 4 kamili wataishia nje. Ndo maana nasema usijaze machaguo yote kozi zinazogombaniwa, weka na zile ambazo matokeo yako yana nguvu kweli, na omba zaidi ya chuo kimoja, unaruhusiwa.

Kwa wa diploma, unatakiwa uwe na GPA ya 3.0 kwenda juu, fani inayoendana na kozi unayoomba, na angalau D nne za kidato cha nne. Alafu lazima uwe na ile namba ya uthibitisho inayoitwa AVN, inatolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, bila hiyo mfumo wa chuo hauoni matokeo yako kabisa, na watu wanaanza kuitafuta siku mbili kabla dirisha halijafungwa wakati chuo chao hakijapeleka hata matokeo. Ianze mapema.

Sasa kuomba kwenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo, sio tena ule mfumo mmoja wa TCU, na hakuna wakala anayeweza kukuongezea pointi, ukisikia mtu anataka laki mbili akuingize mkimbie. Najua wengi wanaomba stesheneri, sina shida na hilo, vijana wa stesheneri wamesaidia watoto wengi, hasa walioko JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ambao ndugu zao ndo wanawaombea. Shida ni namba ya simu. Kijana wa stesheneri akiona mteja hana barua pepe anaweka yake, na namba anaweka yake pia ili mambo yaende haraka, alafu mteja anaondoka. Mwezi ukipita majina yanatoka, mtoto kachaguliwa vyuo viwili, na aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu au barua pepe. Namba imeingia kwenye simu ya mtu wa stesheneri ambaye siku hiyo ana meseji mia, dirisha la kuthibitisha ni siku chache, linafungwa, na kiti anapewa mwingine. Hao nao wanakuja ofisini, wana div one kabisa mkononi, na kwa awamu hiyo mimi siwezi kukirudisha kile kiti. Weka namba yako mwenyewe au ya mzazi, na nywila iandike kwenye daftari.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, ni maombi mengine kabisa, kuchaguliwa chuo hakukupi mkopo na kuomba mkopo hakukuombei chuo, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, Zanzibar wana ofisi yao.

Yule kijana wa D, E, E tulimuelekeza Chuo Kikuu Huria, pale kuna kozi ya faundesheni, ukiwa na angalau pointi 1.5 za masomo mawili ya kidato cha sita unaingia, ukimaliza na GPA ya 3.0 huku huna chini ya C kwenye masomo matatu ya kundi lako, unaomba digrii kama wengine. Alisoma, akapata 3.4. Mama yake safari hii hakuja, alinipigia simu akaniuliza, "mwanangu, hiyo tatu nukta nne, nayo ikiwa kubwa ndo nzuri au ikiwa ndogo?" Nikamwambia kubwa mama, kubwa ndo nzuri.