Rubani wa porini ni nani hasa

Rubani wa porini ni rubani anayeendesha ndege ndogo kwenda mahali pasipo na uwanja wa maana, mara nyingi pasipo hata barabara, akibeba watu na shehena, huku akiifanya mwenyewe kazi yote ya chini ambayo kwenye viwanja vikubwa imegawiwa watu wengi. Maana yake ndiyo hiyo. Tatizo ni kwamba wengi wanaitumia nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, na nusu ya pili ndiyo inayolibeba jina.

Nimelisikia likitumiwa ovyo mara nyingi mno. Mtalii akishuka Seronera, ndani ya Serengeti, kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, anasema ameletwa na rubani wa porini. Mtangazaji akisimulia habari za mtu aliyerusha ndege kimchezo katikati ya milima, naye anamwita rubani wa porini. Mmoja amepima jina kwa mandhari aliyoyaona dirishani, mwingine kwa ujasiri. Hakuna aliyeuliza nani aliingiza mizigo ndani ya ndege ile, nani aliifunga, na nani aliitoa.

Jina hilo, kwa Kiingereza bush pilot, lilishika Kanada na Alaska miaka ya 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, marubani wa jeshi waliporudi nyumbani na ufundi wao wakatafuta riziki. Pori linalotajwa ni msitu wa misonobari uliojaa maziwa, na kaskazini zaidi ni tambarare ya baridi isiyoota mti. Februari 1924 rubani Carl Ben Eielson alipeleka barua kwa ndege kutoka Fairbanks hadi McGrath, huko Alaska, safari ambayo mbwa wanaovuta sleji juu ya theluji waliifanya kwa wiki kadhaa. Januari 1929 marubani Wop May na Vic Horner walitoka Edmonton, Kanada, wakiwa katika ndege ndogo ya wazi, katikati ya baridi kali, kupeleka dawa ya dondakoo Fort Vermilion. Habari kama hizo ziliwapa marubani hawa sifa ya ushujaa, na waliistahili. Lakini safari za dondakoo zilikuwa chache. Siku zilizobaki walibeba unga, misumari, baruti za wachimba madini, ngozi za wanyama, samaki, mbwa wenyewe, na zaidi ya vyote mapipa ya mafuta.

Pipa moja la lita 205 likijaa petroli ya ndege lina uzito wa kama kilo 165. Sasa liweke kwenye gati ya mbao kando ya ziwa, na ndege ikiwa juu ya maboya yake mawili, yale ya kuelea yanayofungwa mahali pa magurudumu, inayumba kwa kila wimbi. Rubani anaegemeza mbao mbili kutoka gatini hadi mlangoni, analilaza pipa, analibingirisha juu ya mbao huku akilizuia kwa bega lisimrudie. Likishaingia analisimamisha, analisogeza kwa kulizungusha juu ya ukingo wake, analifunga kwa mikanda hadi lisitikisike. Kisha anarudi kuchukua la pili. Akifika ziwa asilo na gati, anasimama kwenye maji akiwa amevaa mabuti marefu na kulitupa pipa majini: petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo pipa linaelea, naye analisukuma hadi ufukoni.

Kazi hiyo ndiyo iliyochora umbo la ndege zenyewe. Kampuni ya De Havilland Canada walipobuni ndege ya Beaver, iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1947, waliwauliza marubani wa kaskazini wanataka nini. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: milango pande zote mbili, mipana kiasi cha kupitisha pipa. Midomo ya kujazia mafuta iko ubavuni, chini, ili rubani asipande juu ya bawa lenye barafu akiwa ameshika dumu. Tundu la kujazia oili ya injini liko ndani, karibu na kiti chake. Ndege hiyo ilibuniwa kwa kuwafikiria watu wenye migongo inayouma.

Hapa ndipo penye tofauti inayonikera ikipuuzwa. Wanaosema kwamba kupakia ni kibarua tu kinachotangulia urubani hawajaelewa urubani wa namna hii. Beaver tupu ina uzito wa karibu kilo 1,360, na ya magurudumu hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 2,313 hivi. Tofauti ni kama kilo 950, na watu husikia hapo kwamba inabeba kilo 950 za mzigo. Haibebi. Ndani ya hizo mna mafuta ya safari, oili, rubani mwenyewe, na vifaa vya dharura ambavyo sheria na akili vinataka awe navyo: hema, shoka, chakula, mablanketi. Matangi yakijaa, mzigo halisi unabaki chini ya kilo 600. Ukiondoa magurudumu na kuweka maboya, unapungua tena. Kwa mapipa yetu, hayo hayazidi matatu. La nne linabaki gatini, hata kama mlangoni bado pana nafasi na mteja amekwisha lipa.

Na uzito wenyewe ni nusu ya hesabu. Mzigo ukikaa nyuma mno, mkia unalemewa, pua inainuka, na rubani akijaribu kuishusha anaona usukani hautoshi. Bawa likipoteza nguvu ya kuinua katika hali hiyo, ndege inaweza kuzunguka hadi chini bila nafasi ya kuiokoa. Mzigo ambao haukufungwa ukateleza nyuma wakati wa kupaa unaleta balaa hilohilo. Kwa hiyo anayeamua kreti ya misumari ikae wapi ameanza kurusha ndege kabla injini haijawaka. Marubani wa maboya wana mizani yao ya macho: wanasimama gatini kutazama visigino vya maboya. Vikizama kupita kawaida, mzigo uko nyuma, na kila kitu kinahamishwa upya kwa mikono. Nahodha wa jahazi anayesimamia upakiaji wa shehena yake akitazama mstari wa maji ubavuni angemwelewa mtu huyu bila mkalimani.

Msimu wa baridi kazi hubadilika sura. Maboya yanatolewa, skii za kuteleza juu ya theluji zinafungwa, na ziwa lililoganda linakuwa uwanja. Jalidi juu ya bawa, hata ikiwa nyembamba kama karatasi ya msasa, hupunguza nguvu ya kuinua, kwa hiyo usiku mabawa hufunikwa kwa turubai, na asubuhi hufagiliwa kwa mkono, bawa zima, juu na kwenye kingo. Zamani marubani walimwaga oili ya injini jioni ingali moto, wakalala nayo karibu na jiko, na alfajiri wakawasha jiko dogo chini ya injini iliyofunikwa turubai, mtu akiwa amekaa hapohapo kuangalia isishike moto. Mafuta hupampiwa kutoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono na kuchujwa kwa ngozi laini isiyopitisha maji, kwa sababu tone la maji likiganda ndani ya bomba linazima injini. Katika nyuzi 40 chini ya sifuri, petroli ikimwagikia kidoleni inakiunguza kwa baridi papo hapo. Skii nazo huganda na kushikamana na theluji, kwa hiyo anayejua kazi huegesha ndege juu ya magogo au matawi ya misonobari.

Katika makampuni mengi ya kaskazini mwa Kanada, kijana mwenye leseni mpya ya urubani haanzi kwa kurusha ndege. Anawekwa gatini au uwanjani, apakie, apakue, ajaze mafuta, afagie theluji, wakati mwingine kwa mwaka mzima au zaidi, ndipo apewe kiti. Ninaona mantiki ndani yake, ingawa najua wapo wanaotumia utaratibu huo kupata vibarua wa bei rahisi, na hilo si haki. Aliyepitia hapo anajua mzigo kwa mikono yake. Upande wa pili wa safari, kule ziwani kwenye kambi ya watu wachache, hakuna kijana wa gatini wa kumsaidia.

Sasa turudi kwetu. Caravan inayokwenda Mafia au Seronera ni aina ileile inayotumika Alaska, na marubani wake ni mafundi kwelikweli. Yale masharti ya begi laini la kilo 15 yanatoka kwenye hesabu hiihii ya uzito na mpangilio, wala si usumbufu wa kampuni. Lakini pale kuna mtu wa kupima mabegi, kuna gari la mafuta, kuna anayepakia. Anayerusha kwenye mpangilio huo ni rubani wa ndege ndogo, na jina hilo linamtosha, halimpunguzii kitu. Marubani wa shirika kama MAF, shirika la Kikristo la ndege ndogo, wanaotua kwenye viwanja vya nyasi vijijini Tanzania, wakipima abiria na mizigo, wakipakia na kuifunga wenyewe kabla ya kuondoka, hao waite marubani wa porini.