Boroni si kitovu tu: ligandi laini za mikono mitatu

Wanafunzi wengi huichukulia boroni iliyo katikati ya ligandi (molekuli au ioni inayoishika metali) kama kishikizo cha mikono, yaani sehemu zinazoibana metali, basi. Mikono hiyo ikiwa ya salfa, mambo hubadilika, na hapo ndipo mimi niliponaswa na kemia hii.

Mwaka 1966 Swiatoslaw Trofimenko, akiwa kampuni ya kemikali ya DuPont nchini Marekani, alitangaza ligandi zenye pete za pirazoli (molekuli ndogo yenye naitrojeni mbili) zilizofungwa kwenye boroni. Baadaye ziliitwa skorpionati: mikono miwili huibana metali kama magando ya nge, wa tatu hupinda kama mkia na kuchoma. Metali hushikwa na naitrojeni. Mwaka 1996 Reglinski, Spicer na wenzao huko Glasgow waliweka methimazoli mahali pa pirazoli. Ndiyo ile dawa wanayopewa wagonjwa ambao tezi yao ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Sasa kinachoshika metali ni salfa, atomu kubwa na laini (wingu lake la elektroni hupindika kwa urahisi), inayopendana na zebaki, fedha na shaba.

Kuitengeneza hakuhitaji hata kiyeyushi. Unachanganya borohaidraidi ya sodiamu na methimazoli iliyozidi kidogo, kisha unapasha moto mpaka mchanganyiko uyeyuke, kama nyuzi 160 za Selsiasi. Kila mkono unaojifunga kwenye boroni hufukuza molekuli moja ya haidrojeni, kwa hiyo ukipima gesi inayotoka unajua umefikia mkono wa ngapi. Fanyia kazi hii ndani ya kabati la kutolea hewa, mbali na moto wowote.

Utamu uko kwenye umbo. Pirazoli inaposhika metali huunda mzingo (pete inayojumuisha metali na boroni) wa atomu 6. Methimazoli huunda wa atomu 8. Mzingo huo mkubwa unajipinda, na mikono mitatu inakaa kama mapanga ya feni. Tena unalegea kiasi cha kuiruhusu boroni iisogelee metali. Mwaka 1999 Anthony Hill na wenzake walionyesha matokeo yake kwa rutheniamu: boroni iliachia haidrojeni yake ikaungana na metali moja kwa moja, umbali wa takriban angstromu 2.16 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Katika bondi hiyo jozi ya elektroni inatolewa na metali, boroni inapokea. Tumezoea ligandi ndiyo itoe.

Zinki haina tabia hiyo. Hutulia na salfa zake tatu, ndiyo maana hutumika kuiga vimeng'enya. Ukitumia rutheniamu au rodiamu, kagua spektra ya infraredi: mkanda wa bondi ya boroni na haidrojeni (B–H) karibu na 2400 cm⁻¹ ukitoweka, shuku kwamba boroni imeshaigusa metali, kisha ukuze kristali uthibitishe kwa eksirei.