Sensa ya 1890 haikumalizwa na moto

Wamarekani wanaotafuta nasaba zao huambiwa kwamba sensa ya 1890 iliteketea yote katika moto wa Washington, Januari 10, 1921. Sivyo. Moto uliteketeza takriban robo. Karatasi nyingine nyingi zililowa maji ya kuzimia moto, zikawekwa ghalani. Kilichozimaliza hasa ni kalamu: mwaka 1933 Bunge liliidhinisha ziangamizwe. Yamesalia majina 6,160 hivi, mengine ya Kaunti ya Perry, Alabama, sehemu ya mashambani kabisa. Bahati tu.

Kwingineko, pengo huzibwa kwa vitabu vya ndoa, hati za ardhi na orodha za kodi za kaunti. Sensa ya 1900 nayo iliandika hadi mwezi wa kuzaliwa na miaka mtu aliyokaa katika ndoa.