Mpako wa ndani ya tokamaki unamkinga nani?

Nikisema natafiti mipako ya kuta za tokamaki, yaani mashine za myeyungano wa nyuklia (kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati), wengi hapa Nairobi hudhani ni kinga ya ukuta usiyeyuke. Sivyo. Plazma ya tokamaki kubwa, yaani gesi yenye joto kali ambayo atomi zake zimepokonywa elektroni, hulenga nyuzi milioni 150 za Selsiasi. Hakuna rangi ya kuhimili hayo. Kuizuia plazma isiguse ukuta ni kazi ya sumaku. Mpako hasa huikinga plazma dhidi ya ukuta. Ukipita Industrial Area utaona mabati yaliyopakwa zinki yasiliwe na mvua. Sisi ni kama tunapaka mabati ili mvua isichafuke.

Uchafu wenyewe ni huu. Wolframi, metali ya kujengea kuta hizo, huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, ndiyo maana wahandisi wanaipenda. Lakini atomi yake ina elektroni 74, na hata katikati ya plazma haipokonywi zote. Zinazobaki hutoa mionzi mfululizo na joto linatoroka nayo. Atomi moja ya wolframi katika kila elfu kumi yatosha kuvuruga kila kitu. Oksijeni iliyonata ukutani nayo huleta shida.

Hapo ndipo boroni inapoingia. Ina elektroni tano tu, zote hung'oka mapema, na inanasa oksijeni vizuri mno. Mbinu hii ilianzia kwenye tokamaki ya TEXTOR, Jülich, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1980: gesi yenye boroni hupitishiwa umeme ndani ya chombo, utando wa makumi ya nanomita ukajishika ukutani. Gesi inayotumika mara nyingi, diborani, ni sumu na huweza kuwaka yenyewe hewani, kwa hiyo siku ya kupaka hakuna mzaha.

Mwaka 2023 mradi wa ITER, tokamaki kubwa ya kimataifa inayojengwa kusini mwa Ufaransa, ulipendekeza kuacha metali ya berili, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, na kuweka wolframi ukutani pamoja na mfumo wa kupaka boroni. Naunga mkono, ila nusu nusu. Boroni hunasa pia triti, hidrojeni yenye mnururisho ambayo ni fueli ya mashine na hutaki ilale ukutani. Tena utando huchakaa haraka, na mtambo wa kuzalisha umeme hauwezi kuzimwa kila mara upakwe upya. Ndiyo sababu watafiti wa tokamaki ya DIII-D kule San Diego, Marekani, wamejaribu kudondosha unga wa boroni plazma ikiwa bado inawaka, na mimi dau langu naliweka hapo.