Waridi la jangwa hufa kwa maji kuliko kwa kiu

Ukiona tumbo la waridi la jangwa, yaani shina lake nene la chini, limelegea, usikimbilie maji. Libonyeze kwanza. Likiwa limelegea sawasawa pande zote na udongo ni mkavu mpaka chini, lina kiu. Mwagilia, litakaza ndani ya siku chache. Likibonyea mahali pamoja tu, hasa linapogusana na udongo, ganda likawa la kahawia na lenye harufu, hilo linaoza, na maji yatalimalizia.

Mmea huu, Adenium obesum, ni wa kwetu. Humea wenyewe kwenye nyika kavu za Kenya, Tanzania na Somalia, mpaka Dhofar kule Oman, mara nyingi kwenye mawe na changarawe ambako mvua haituami. Tumbo ndilo ghala lake. Kwa hiyo udongo wa bustani peke yake, hasa mfinyanzi mweusi, haufai. Mimi huchanganya debe mbili za mchanga mnene wa mto, moja ya kokoto ndogo au matofali yaliyopondwa, na moja ya mboji iliyoiva. Mchanga wa pwani uache, una chumvi. Chungu kiwe cha udongo usiopakwa rangi, kipana kuliko kina, na kitobolewe vizuri. Ukipanda ardhini, inua tuta la sentimita 30.

Wakati wa joto, likiwa na majani, linakunywa kweli: lowesha mpaka maji yatoke chini, kisha subiri udongo ukauke kabisa. Baridi ikiingia, kama Julai ya Nairobi, majani hupukutika nalo hulala. Hapo ndipo watu huliua kwa huruma. Kikombe kidogo kila wiki tatu au nne kinatosha, na chungu kikiwa barazani kisichonyeshewa, bora zaidi.

Tumbo nene hutokana na mbegu. Kipandikizi cha tawi hushika, lakini kwa kawaida hakifanyi umbo lile. Maganda ya mbegu huota mawilimawili kama pembe. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo ukizipata umezikosa. Zilaze, zifunike kwa mchanga wa nusu sentimita. Zikiwa mbichi, kwenye joto huota kwa wiki moja hivi.

Halichanui? Mara nyingi ni kivuli: linataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Au ni samadi nyingi, inayoleta majani matupu. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, basi kata theluthi ya kila tawi baridi inapoisha ili machipukizi yawe mengi.

Lililoanza kuoza ling'oe, kata kwa kisu safi mpaka ufikie nyama nyeupe isiyo na hata doa moja (doa likibaki, kazi ni bure), paka unga wa salfa, liache kivulini siku 7 hadi 10, ndipo upande kwenye mchanganyiko mkavu. Usimwagilie kwa wiki nyingine nzima.

Vaa glavu unapokata. Utomvu wake una sumu ya moyo, na sehemu kadhaa za Afrika umepakwa kwenye mishale ya kuwindia. Usiguse macho, na vipande vilivyokatwa usiwaachie mbuzi.